Sauti Iliyoimba Ndani ya Mafunjo

Kuna asubuhi moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ya hamsini, siku za hali ya hatari. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, tukikaa kwenye kambi ya wavuvi kando ya ziwa Naivasha, upande wa Kamere. Mume wangu Kariuki na wenzake tuliwaita mabaharia, nusu utani, nusu kujivunia, maana sisi watu wa bara bahari tuliisoma kwenye Biblia tu.

Kambi ilikuwa na msimamizi aliyewekwa na serikali ya wakoloni, Hedimani Njuguna. Watu hawakumpenda. Alitembea na askari, na wakati ule mtu wa kutembea na askari hakukaribishwa chai.

Asubuhi hiyo mashua ya kina Kariuki ilikuwa imeshatoka, ukungu ukashuka ukalala juu ya maji. Kisha upepo ukavuma kwa nguvu, ukanyamaza ghafla. Mafunjo ya ziwa lile, mwanangu, mengine hayashiki chini. Yanaelea kama kisiwa, yanatembea. Ukungu ulipoachana kidogo, tuliona njia ya mashua haipo. Palipokuwa na maji sasa palikuwa na ukuta wa kijani, na hakuna hata ndege aliyelia.

Hedimani alikuja mbio mpaka mlango wa kanisa. Mama Rahabu, mkubwa wa akina mama wa kanisa, alikuwa anafagia.

"Mama, piga kengele," alisema. "Hawajui nchi kavu iko wapi."

Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwenye nguzo. Akakigonga. Tukakusanyika ufukoni, tukaanza kuimba ili watufuate.

Tukajibiwa. Sauti ya mwanamume, nzito, ilishika wimbo kutoka ndani ya mafunjo. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Lakini mama mmoja aliyekuwa amenishika mkono akauachia.

"Huyo ni Petero," alisema taratibu.

Petero alikuwa mwanawe. Alizama mwaka uliotangulia, na ziwa halikumrudisha.

Wimbo ukatufia mdomoni. Ile sauti haikunyamaza. Iliingia ubeti wa pili peke yake.

"Anaita wenzake," mzee mmoja alisema, akirudi nyuma. "Nyamazeni, asituite na sisi."

Hedimani hakurudi nyuma. Alikuwa anasukuma mashua ndogo majini, panga mkononi. "Nani anakuja nami?" aliuliza. Wanaume wakazidi kurudi nyuma.

Mama Rahabu akamwendea, akamwekea mkono kichwani, akamwombea kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Kisha akatugeukia.

"Kila Jumapili mnawaombea wakubwa ambao hamjawahi kuwaona. Huyu amesimama hapa anatetemeka, mnamtazama tu. Haya, kaeni. Mimi nitapiga kasia." Akakunja nguo yake, akaingia majini.

Wanaume wawili wakashikwa na aibu. Wakamsihi atoke, wakapanda wao. "Basi nyinyi imbeni," Mama Rahabu alituambia. "Yeyote atakayejibu, imbeni."

Aliyeanza kuimba alikuwa mama yake Petero.

Tuliimba mpaka koo zikatukauka, na ile sauti ikiimba nasi, mara karibu, mara mbali. Ilipokatika, tulisikia panga likikata mafunjo. Mashua zikatokea, na wanaume wetu wote walikuwemo. Viganja vya Hedimani vilikuwa vinatoka damu.

Nilimpeleka Kariuki kwenye moto, nikamwambia nilivyofurahi mwanzoni nilipodhani ni wao wanaoimba.

"Sisi hatukuimba," alisema. "Kulikuwa na kiboko karibu, tulinyamaza kabisa. Kuna mtu alikuwa mbele yetu akiimba. Tulifuata sauti yake, ndipo Hedimani akatukuta."

"Mtu gani?"

Alisukuma kuni motoni, akaniomba nisimwulize tena. Sikumwuliza mpaka nikamzika.

Tangu siku hiyo kanisa lilitoka nje. Akina mama walikwenda ufukoni kuwaombea mabaharia kabla hawajaondoka, na Hedimani aliombewa kwa jina lake, akisikia. Alipokosea, Mama Rahabu alikwenda kwake akamwambia usoni, kisha akanywa chai yake.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: aliyepewa kusimamia watu usingoje awe mwema ndipo umwombee. Mwombee, mwambie ukweli, na siku ya hatari usimwache aende peke yake. Na wale ambao kazi yao iko majini, wakumbuke wakiwa bado hai, si siku ya matanga tu. Kanisa lisilofanya hivyo lina nyimbo tu.

Mungu akulinde utokapo na uingiapo. Akupe moyo usiokimbia wenzako, na nyumba yako isikose mtu wa kukungoja. Amina.