Mdalasini wa Unguja

Bi Muhsina, mama ninayemfanyia kazi za ndani hapa Al Amerat, nchi ya Waarabu, huvunja mdalasini karibu na sikio. Gome la kweli, anasema, ni jembamba, limejikunja tabaka kwa tabaka kama karatasi, na huvunjika kwa mlio mdogo. La bandia ni nene, gumu kama kuni. Kwake wenye maduka wa Hamriya, soko la huku huku, wote ni matapeli. Anauamini mkebe mmoja tu, ule anaoletewa na mwanawe Marwan kutoka Unguja.

Ijumaa iliyopita alitoa kijiti mkebeni akajaribu kukivunja, kikagoma. Akachukua kingine, nacho kikagoma. Kisha akanitazama.

"Aika, nnakuuliza. Umeubadilisha?"

"Hapana, mama."

Alipekua kabati langu, akafungua hata begi nililokuja nalo kutoka Moshi. Nilisimama mlangoni, masikio yanawaka kwa hasira. Miaka minne nampikia chai, leo ananiona mwizi wa magome.

Marwan alipokuja kula, mama yake alimwekea kijiti mbele ya sahani. "Hichi umekitoa wapi?"

Marwan akacheka kidogo. "Mama, miye Unguja mara ya mwisho nimekwenda lini? Nnanunua Hamriya siku zote. Nnakwambia Unguja ili unywe chai yako kwa raha. Safari hii ule mwembamba uliwaishia."

Bi Muhsina hakuniomba radhi. Ila tangu siku hiyo, chochote anacholeta Marwan, hata halua, hunipa mimi nikikague kwanza.