Amekwenda Kununua Uzi

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika mtaani, na wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe. Walimwita Fundi Kesho. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu atakwambia njoo Ijumaa. Ijumaa ukienda atakwambia kesho. Hiyo kesho ukifika utamkuta ana nguo ya mtu mwingine chini ya sindano ya cherehani, na uso wa mtu aliyefiwa. Umeme ulikatika, mteja wangu. Vifungo vya rangi yako vimeadimika mji mzima. Mkanda wa cherehani umekatika, nimeagiza mwingine. Na mteja, aliyekuja amekunja ngumi, anaondoka akimwonea fundi huruma. Si ajabu ya mtu mmoja hiyo, mafundi wengi ndivyo walivyo, ila huyu alikuwa na kipaji cha uongo. Mkono wake nao ulikuwa mzuri, ndiyo maana watu walirudi. Ukivaa suti yake hata mkweo atakuamkia kwa adabu.

Mshirika wake katika uongo alikuwa binti yake. Mama wa mtoto alifariki mtoto akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu, na baba akamlea hapo hapo dukani, kati ya meza ya kukatia na pazia la kujaribia nguo. Mteja mkali akionekana kwa mbali, fundi alijitupa nyuma ya pazia, na mtoto akabaki mlangoni na macho yake makubwa.

"Baba hayupo. Amekwenda kununua uzi."

Aliyasema hayo kwa utulivu wa kumdanganya hakimu. Mteja akishapotea, baba na mwana walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi alikuwa akisema kwamba maishani mwake hakuna miaka aliyoifurahia kama ile, na hilo, miongoni mwa mengi aliyoyasema, lilikuwa kweli tupu.

Binti akakua, akasomea uuguzi, akahamia mji wa mbali kikazi. Kisha akapata kazi katika nchi ya baridi, mkataba wa miaka, likizo ya kurudi nyumbani haijulikani. Akampigia baba yake simu.

"Baba, sitaki zawadi nyingine. Nishonee koti. La sufu, refu, lenye bitana nzito. Nikilivaa huko nijue ni mkono wako."

Fundi alilia kwenye simu bila aibu. "Mama," akamwambia, maana ndivyo alivyozoea kumwita mwanawe, "koti hilo nitakuletea mwenyewe. Nitakuvalisha kwa mikono yangu hii."

Kitambaa alikinunua siku ile ile. Kikakaa kwenye rafu. Binti akauliza, baba akasema kesho. Akauliza tena, baba ana suti za harusi za watu, kesho kutwa. Binti alikuwa amemwomba afike wiki moja kabla ya safari, wakae, wapike, wazungumze. Fundi akapiga kalenda mpaka wiki nzima ikaisha. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda kiasi kwamba kukikata kitambaa kile kulikuwa sawa na kukubali kwamba anaondoka, na kila alipoushika mkasi mkono ulikuwa mzito. Hilo hakumwambia. Alimwambia habari za suti za harusi.

Mwishowe alilishona koti, na hata wapinzani wake wangelivulia kofia. Akakata tiketi ya ndege ya asubuhi, siku moja kabla ya alfajiri ambayo binti angepaa. Angefika mchana, wangekula pamoja, jioni angemvalisha koti na kulikagua mabega, na alfajiri angemsindikiza. Siku moja tu, lakini siku nzima. Alijitahidi kuona kwamba inatosha.

Uwanjani alifika mapema kuliko wafagiaji. Koti lilikuwa ndani ya mfuko wake wa nguo, amelilaza mkononi kama mtoto aliyesinzia. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na viti vya chuma vyenye matundu, vya kumchora mtu makalio, na kaunta moja ambako dada mwenye skafu shingoni alikuwa akitazama kompyuta kana kwamba imemwudhi. Saa ya kupanda ndege ikafika. Ikapita. Hakuna aliyesema kitu. Kipaza sauti kilitangaza ndege za kampuni nyingine, watu wengine wakanyanyuka na mabegi yao, na hao wa ndege ya fundi wakabaki wakitazamana.

Akaenda kaunta. "Dada yangu, ndege yetu vipi?"

"Kuna kuchelewa kidogo, mzee. Kaa, tutawatangazia."

Simu yake ikalia. Ilikuwa simu ya vitufe, ya kusikia na kusema tu.

"Baba, umeshapanda?"

"Bado kidogo, mama. Wanasema inachelewa kidogo."

"Kidogo," binti akasema.

"Ndivyo wanavyosema wao."

Adhuhuri ikawakuta pale pale. Abiria wakaanza kwenda kaunta mmoja mmoja, kisha makundi, na kila aliyekwenda alirudi na jibu lake. Mmoja aliambiwa ni hali ya hewa, ilhali jua lilikuwa linapasua mawe. Mwingine aliambiwa rubani amechoka. Fundi aliambiwa kuna kipuri kinasubiriwa. Alimtazama yule dada akiyasema hayo bila hata kuinua macho, na mtu mzima akaingiwa na hasira ya ajabu, hasira ya mtu anayeona kazi yake ikifanywa ovyo. Yeye alipokuwa akimdanganya mteja, alau alimwekea stuli akae. Alimuulizia watoto. Hawa walikuwa wakimpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na hata hiyo chupa hawakuwa na nguvu ya kuinyanyua.

Simu ikalia tena.

"Kuna kipuri, mama. Wanakisubiri kinatoka mji mwingine."

"Kipuri."

"Ee."

"Kama mkanda wa cherehani."

Fundi alicheka kidogo, akingoja mwenzake acheke. Hakucheka.

"Baba, nimeangalia kwenye simu yangu hapa. Kampuni yenyewe imeandika kwamba ndege imeondoka asubuhi, kwa wakati wake."

"Imeondokaje? Mama, mimi niko hapa. Nimekalia kiti cha chuma."

"Baba, uko dukani?"

"Niko uwanjani!"

"Koti hujamaliza, sivyo?" Sauti yake ilikuwa laini, na ulaini huo ndio uliomkata maini baba yake. "Sina hasira. Nakuomba tu uniambie kwamba hujamaliza. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni, Baba. Maneno yako yote nayajua."

Fundi aliishika simu kwa mikono miwili. Akatafuta la kusema na kila alilolishika lilikuwa limeshatumika. Naapa. Safari hii ni kweli. Nikifa leo. Yote alikuwa ameyamaliza kwa ajili ya suruali za watu.

"Ngoja," akasema. "Ngoja usikate. Nakupa mtu uzungumze naye."

Karibu yake alikuwa ameketi muuza vifaa vya ujenzi, mtu mnene mwenye sauti ya sokoni, ambaye asubuhi alipomwona fundi alikuwa amepiga makofi ya furaha. Naye alikuwa mteja wake. Alikuwa na suruali mbili dukani ambazo zilikuwa zikipigwa danadana tangu msimu wa mvua. "Fundi Kesho!" alikuwa ameita ukumbi mzima usikie. "Leo umekutana na wenzako!" Watu walicheka, na fundi alicheka nao, wakati huo bado kukiwa na la kuchekesha.

"Kaka, nisaidie," fundi akamwambia sasa. "Mwambie binti yangu kwamba ndege imechelewa. Hivyo tu. Hataki kuniamini."

Ningependa kusema kwamba yule bwana alikuwa mbaya, lakini hakuwa. Alipokea simu kwa moyo mweupe, akakohoa, akakaa sawa. "Binti, habari za leo? Mimi ni abiria mwenzake baba yako. Ni kweli kabisa ndege ime..." Hapo likamjia, kwamba yeye, na suruali zake mbili, ndiye anayemdhamini Fundi Kesho kwamba ni msema kweli. Akajikaza. Mabega yakatikisika. Kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu aliyekizuia mpaka machozi, na kila alipotaka kuendelea na sentensi kilimrudia upya. Akarudisha simu huku akijifuta macho. "Samahani, fundi. Wallahi samahani. Nimeshindwa."

"Baba," binti akasema, "hata wenzako siku hizi hawawezi kujizuia."

Zamani dukani shahidi wa uongo alikuwa muuza nyama wa jirani, aliyeitwa kuja kuthibitisha kwamba umeme ulikatika. Binti alimkumbuka vizuri.

Simu za maana za abiria wengine, zenye kamera za kumtumia binti picha, zilikuwa zimezimika zote, maana soketi za ukumbini zilikuwa mapambo ya ukutani. Ikabaki kaunta. Fundi akaenda na simu yake mkononi, ikiwa wazi, binti bado yumo ndani yake.

"Dada, sikuombi ndege. Mwambie binti yangu kwamba bado tupo hapa. Neno moja tu."

"Mzee, haturuhusiwi kuzungumza na asiye abiria."

"Basi nisemee mimi, kwa sauti, yeye atasikia. Sema ndege haijaondoka."

Dada akaitazama kompyuta. Nadhani alikuwa amechoka, na nadhani wakubwa wake walikuwa wamekula kona tangu asubuhi wakamwachia umati ule peke yake. Hilo halikumsaidia fundi. "Mfumo unaonyesha imeondoka," akasema. "Siwezi kusema kinyume cha mfumo."

"Lakini mimi unaniona niko hapa?"

"Nakuona, mzee."

"Basi sema unaniona!"

"Naomba ukae. Tutawatangazia."

Alipoiweka simu sikioni tena, binti alikuwa anapumua tu. Huenda alisikia, huenda hakusikia. Kipaza sauti kilikuwa juu ya kichwa cha fundi, akakiinulia simu mkono ukiwa umenyooka, akingoja kiseme chochote, hata jina la uwanja. Kilinyamaza.

"Haya, Baba," akasikia ile sauti ndogo. "Kesho, basi." Na simu ikakatika.

Jioni wakaambiwa ndege ni asubuhi. Walale wapi? Hakuna aliyejua, na dada wa kaunta alikuwa ameshafunga kompyuta yake. Walilala vitini. Fundi alipiga simu mpaka chaji ikafika ukingoni. Mara iliita bila kupokewa, mara haikuita kabisa. Jambo moja alilifanya usiku ule ambalo hajapata kumwambia mtu: aliomba kwamba ndege ya binti yake nayo ichelewe. Kama wanaweza kumchelewesha yeye, wamcheleweshe na binti. Waseme kipuri, waseme rubani, waseme lolote.

Ile ya binti iliondoka kwa wakati, alfajiri ile ile. Huko nako kuna kampuni zinazojua saa.

Yeye alifika jua likiwa limeshapanda, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba aliyokuwa amepanga binti, maana moyo wa mzazi ni mbishi na ulikuwa ukimwambia kwamba huenda ameahirisha. Mama mwenye nyumba alimfungulia, mwanamke wa makamo mwenye kanga iliyolowa maji ya kufulia.

"Wewe ndiye baba yake, yule fundi?"

"Ndiye mimi. Amekwisha..."

"Ameondoka, baba. Pole." Akampisha apite. "Jana alipika chakula cha watu wawili. Akakaa hapo mlangoni mpaka giza likaingia, gari likipita ananyanyua kichwa."

Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Godoro lilikuwa tupu, shuka zimekunjwa vizuri juu yake, kona kwa kona, kama alivyofundishwa kukunja vitambaa. Fundi alilitoa koti kwenye mfuko akalitandaza juu ya godoro. Akainyoosha mikono ya koti, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. Mabega yalikuwa sawa kabisa. Hakuna wa kuyakagua.

"Ameniachia maneno yako," mama mwenye nyumba akasema kutoka mlangoni. "Akanisisitiza niyaseme vile vile. Alisema, akija baba, mwambie nimekwenda kununua uzi."

Fundi hakugeuka.

"Nikamwuliza, mwanangu, uzi wa nini tena na gari linakungoja nje? Akasema wewe utaelewa."

"Alikuwa anacheka alipoyasema?"

Yule mama akafikiri. Alitaka kumsaidia, ilionekana, lakini hakuwa mtu wa kutunga. "Alikuwa amenipa mgongo, baba. Anafunga begi. Uso sikuuona."

Fundi alikaa ukingoni mwa godoro. Machozi yalimtoka kimya kimya na hakuyafuta, yakadondokea kwenye sufu. Kisha akaona lazima aseme, hata kama ni kwa mtu asiyemjua, lazima mtu mmoja katika mji ule aambiwe.

"Ndege ilichelewa, mama," akasema. "Tangu jana asubuhi nilikuwa uwanjani. Walisema kuna kipuri."

Mama mwenye nyumba akamtazama. Akalitazama koti, jipya, lililopigwa pasi, halina hata mkunjo mmoja wa mtu aliyelala kitini nalo. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kwa upole mwingi.

"Haya, baba," akasema. "Hutokea."

Fundi aliijua sauti hiyo. Alikuwa ameisikia maisha yake yote, mlangoni mwa duka lake, kwa wateja waliokuwa wakiondoka mikono mitupu.