Utetezi Ambao Marsela Hakuuomba

Jumamosi, tarehe 10 Julai 1976. Tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa stesheni lilisema kwamba onyesho la pamoja la Mzee Stanslaus na Mzee Maximilian lingeanza saa tisa alasiri katika ukumbi wa jamii hapa Mpanda. Milango ilifunguliwa saa tisa na dakika arobaini. Mzee Stanslaus alianza kuimba saa kumi na robo, akashuka jukwaani saa kumi na moja na dakika tano. Mzee Maximilian alipanda saa kumi na moja na robo. Kufikia saa kumi na mbili kamili, jina la Marsela, muuza wali wa jirani na stesheni, lilikuwa limekwisha kuwa mali ya kila mtu aliyekuwamo ukumbini.

Ninaliandika jambo hili kwa sababu waliokuwapo wanaisimulia siku ile kama siku ya furaha.

Marsela alizaliwa Mpimbwe, katika familia ya wakulima wa mpunga. Aliletwa Mpanda akiwa bibi harusi, mumewe alipopata kazi katika mgodi wa madini ya risasi. Wali wa kwao aliujua tangu utotoni, kwa hiyo akaanza kupika karibu na lango la mgodi na kuwauzia watu waliotoka shimoni. Miongoni mwao walikuwamo vijana wawili, Stanslaus na Maximilian. Kila mmoja alikuwa na gitaa la mbao za masanduku, lenye nyuzi za breki ya baiskeli, na kila mmoja alitunga nyimbo zake mwenyewe. Wakati huo mtunzi wa huku hakuwa mtunzi kamili mpaka awe amemtaja mtu kwa jina. Waliotajwa kwa sifa walimnunulia pombe. Waliotajwa kwa kejeli walivumilia.

Mwaka 1956 Stanslaus aliomba kuongezewa wali, Marsela akamwambia kwamba chungu kimekwisha. Kweli kilikuwa kimekwisha. Jumamosi iliyofuata Stanslaus aliimba hivi:

*Marsela, Marsela, pima wali,*
*pima kwa kijiko cha mgonjwa;*
*aliyetoka shimoni ana njaa,*
*wewe unamhesabia punje.*

Watu wa mgodini waliupenda wimbo ule kuliko nyimbo zake zote. Waliuimba wakishuka shimoni, wakauimba wakipanda. Waliokuwa wakila kwa Marsela wakaanza kula kwingine, kwa kuwa aliyeonekana kwake alichekwa pamoja naye. Mumewe alivumilia kwa muda, kisha akaenda Tabora kutafuta kazi na hakurudi. Mgodi ulipofungwa, wafanyakazi walitawanyika na wimbo wao. Marsela alibaki.

Baada ya miaka mingi ya kulima kibarua katika mashamba ya watu, alianza tena kupika, safari hii karibu na stesheni. Mji ulikuwa umejaa wageni: watumishi wa serikali, vibarua wa barabara, wafanyabiashara, na watu waliotoka Burundi. Hawa hawakuujua wimbo. Kwao Marsela alikuwa mama anayepika wali mzuri na dagaa wa Ikola, basi. Alichokuwa nacho duniani ni hicho, kutojulikana na wageni. Onyesho la wazee wale wawili lilikuja kukichukua.

Mimi hushona kwenye baraza inayopakana na jiko lake, na cherehani haizuii masikio. Tangu tangazo lilipobandikwa, mabenchi yake yaligeuka baraza la mabishano. Upande wa Stanslaus uliongozwa na Kasimu, mpagazi wa stesheni, aliyekulia mgodini. Upande wa Maximilian uliongozwa na Apolinari, muuza nyama.

"Nyie watu wa Maximilian mnanishangaza," Kasimu alisema siku moja, mdomo umejaa. "Yule mzee anaimba kama katekista anayezika. Mtu unakwenda kwenye onyesho, unatoka unatafuta msiba uko wapi."

"Angalau maneno yake yanasikika," Apolinari alijibu. "Stanslaus wenu meno yamebaki mawili, na hayo mawili hayasalimiani. Atatumwagia mate tu pale mbele."

"Meno ya nini? Kwani anakuja kula mifupa yako ya buchani?"

"We Kasimu, nyama yangu uliila lini? Wewe unanunua kwato."

Watu walicheka, lakini hakukuwa na urafiki katika kicheko kile. Wiki iliyotangulia wawili hawa walikuwa wameshikana mashati mbele ya stesheni kwa sababu ya mpangilio wa onyesho. Kamati ya onyesho ilikuwa imeamua Stanslaus atangulie, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa kwa umri na alihitaji kupumzika mapema. Kwa mashabiki, anayefunga onyesho ndiye mwenye uwanja. Kasimu na wenzake waliona wametukanwa, na tangu siku hiyo walitafuta mahali pa kulipiza.

"Fungeni onyesho, funikeni, fanyeni mnavyotaka," Kasimu alisema, akimtazama Marsela aliyekuwa akipakua. "Jumamosi Mzee atapiga ule wa hapa hapa nyumbani. Ule wa kijiko. Hapo ndipo mtakapojua nani mtunzi."

Celestin, mfyatua matofali aliyetoka Burundi na aliyekula pale kila siku, aliinua kichwa. "Wimbo gani huo, kaka?"

"Kula, Celestin," Marsela alisema. "Wali unapoa."

"Mama Marsela, usitishike," Apolinari akadakia. "Sisi tupo. Sisi wa Maximilian tutakutetea."

"Sijaomba kutetewa, Apolinari. Nimeomba watu waje, wale, waondoke."

Kasimu alicheka mpaka akapaliwa. Apolinari hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata wazo.

Zipo taratibu ambazo watunzi wa zamani wa hapa walizishika kuliko walivyoishika Jumapili. Mojawapo ni kwamba mtunzi hamtaji mtu kwa ubaya siku inayofuata ile aliyokula chakula chake. Marsela aliijua. Treni ilipoingia siku ya Ijumaa, ikiwa na Mzee Stanslaus kutoka upande wa Kaliua, alipika wali katika sufuria yake kubwa, akaupakua wote katika sinia moja, juu akaweka kuku mzima. Aliniomba nimbebee maji ya kunawa. Tulimkuta mzee nyumbani alikofikia, ameketi kwenye mkeka, miguu imevimba kwa safari.

"Hodi, Mzee Stanslaus. Mimi ni Marsela."

"Marsela yupi?"

"Wa kijiko."

"Ebo! Kumbe upo?" Mzee alicheka, akaonyesha yale meno mawili. "Mimi nilidhani ulikwishaondoka zamani. Nilikuwa nakuimba kama mtu anavyoimba marehemu."

"Nipo, na ninauza wali. Nimekuletea huu, ule ushibe. Kesho usinitaje."

Mzee aliliangalia sinia. "Mimi sikuwa na ugomvi na wewe, dada yangu. Nilikuwa na njaa. Na jina lako liliingia vizuri kwenye wimbo."

"Kula, Mzee."

Alinawa, akala. Alikula polepole kwa sababu ya meno, na Marsela hakuketi mpaka alipomaliza. Kisha mzee akasema, "Nimekula. Kesho sikutaji. Lakini asinichokoze mtu. Nikijibiwa, nami hujibu. Hiyo siwezi kuizuia hata kwa ng'ombe."

"Nani akuchokoze?" Marsela alisema. Tulirudi akiwa anatembea haraka, mwepesi, kama mtu aliyetua kuni.

Asubuhi ya Jumamosi Apolinari alikuja jikoni kabla moto haujakolea. Hakusalimia.

"Ni kweli umempelekea wali Stanslaus?"

"Shikamoo huna, Apolinari?"

"Shikamoo. Ni kweli?"

"Marahaba. Ni kweli. Amekula, na amekubali. Jambo limekwisha. Nakuomba na wewe na wenzako, leo jina langu lisitajwe na mtu yeyote, wa upande wowote."

"Sisi tunakupigania, wewe unamlisha adui! Na kuku juu! Sisi hapa tunakula dagaa kila siku."

"Adui ni wako. Mimi wangu nimempa chakula."

Apolinari alipangusa mikono kwenye aproni yake yenye damu, akaondoka. Alichokificha tulikijua baadaye. Alhamisi alikuwa amemfuata Mzee Maximilian, aliyeletwa kutoka Mwese kwenye keria ya baiskeli, akamsimulia habari za Marsela na kumwomba atunge wimbo wa kumtetea. Wimbo ulikuwa tayari. Apolinari alikuwa na asubuhi nzima ya kwenda kuuzuia. Hakwenda, kwa kuwa bila wimbo ule Maximilian angefunga onyesho kwa nyimbo zilezile za zamani, na Kasimu angepata la kusema buchani mwaka mzima.

Marsela alivaa gauni nililomshonea Pasaka, akaja ukumbini. Alitaka kuhakikisha kwa masikio yake. Tuliketi benchi la nyuma.

Mzee Stanslaus aliimba vizuri kuliko maadui zake walivyotabiri. Sauti ilikuwa imekauka, lakini vidole vilikuwa vilevile. Alipokaribia kumaliza, Kasimu na kundi lake walisimama wakapiga makofi kwa mpigo mmoja. "Kijiko! Kijiko! Kijiko!" Mzee alitikisa kichwa. Wakazidi. Mzee alifunika nyuzi kwa kiganja, akasema, "Jana nimekula. Wanaojua wanajua." Akashuka. Watu wa Kasimu walimzomea mzee wao wenyewe, na watu wa Apolinari wakawazomea wao. Marsela alinishika mkono. Alikuwa akitabasamu.

Kisha akapanda Mzee Maximilian, mrefu, mtulivu, mwenye koti jeusi. Aliimba nyimbo zake nzito, na ukumbi ukaanza kukohoa. Hapo Apolinari, aliyekuwa mbele, alimpa ishara. Mzee akasema kwamba mjini hapa yupo mama wa watu aliyeonewa miaka ishirini, na kwamba yeye amekuja kumwondolea aibu. Akaimba:

*Mwacheni Marsela, mwacheni mama wa watu,*
*si kweli kijiko ni cha mgonjwa;*
*si kweli anahesabu punje,*
*si kweli mume alikimbia njaa.*

Hilo la mume Stanslaus hakuwahi kuliimba. Maximilian alilikanusha tu, na kwa kulikanusha akalileta duniani.

Kibwagizo kilikuwa chepesi, "mwacheni, mwacheni," na mara ya pili ukumbi mzima ulikuwa umekishika. Wageni waliinama kwa jirani zao wakiuliza kijiko gani, mume gani, na jirani zao wakaeleza kwa raha yote. Nilimwona Celestin akielezwa, kisha akigeuka kututazama. Waliokuwa wakizomeana tangu mchana sasa waliimba pamoja.

Marsela alisimama. Alipita katikati ya mabenchi mpaka chini ya jukwaa.

"Mzee Maximilian! Nani amekutuma?"

Gitaa lilinyamaza. "Watu wako, mama," mzee alijibu kwa heshima. "Wanaokupenda."

"Waonyeshe hapa! Mtu wangu ni nani humu? Mimi nilikwishamaliza! Nilimaliza jana, kwa mikono yangu!"

Watu walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho, au walitaka kudhani hivyo. Mmoja akapaza sauti, "Mama, pima wali!" Na kabla kicheko hakijatulia, Mzee Stanslaus alikuwa amepanda tena, gitaa mkononi. Alikuwa amejibiwa, na kwa taratibu zao chakula cha Ijumaa kilikuwa kimefutwa. Alimtazama Marsela kwa masikitiko ya kweli, nadhani, kisha akapiga wimbo wa kijiko tangu mwanzo hadi mwisho, akaongeza ubeti kuhusu sinia na kuku. Maximilian alimpigia gitaa la pili. Wazee wale hawakuwahi kupiga pamoja tangu mgodini, na waliokuwapo wanasema hawajasikia tena muziki mtamu kama ule. Hawasemi uongo. Ulikuwa mtamu.

Nilimtoa Marsela nje kwa mlango wa pembeni. Kasimu na Apolinari tuliwaacha wamekumbatiana.

Jumatatu mabenchi ya Marsela yalijaa kuliko siku yoyote. Watu waliokuwa hawajawahi kula kwake walikuja, kila mmoja na mzaha wake. "Mama, leo kijiko kipi?" "Mama, nihesabie za kwangu kumi." Celestin naye alisema lake, kwa sauti ndogo, akicheka kwa aibu, kwa kuwa wote walikuwa wakicheka. Apolinari alileta nyama ya bure, akasema, "Unaona, mama? Tumekuletea biashara."

Marsela alipakua mpaka chungu kilipokwisha. Alikiosha, akakifunika, akawaambia waliobaki kwamba kesho hapiki. Walidhani anatania. Jumatano mabenchi yalikuwa yameuzwa kwa seremala, na mahali pa moto pamefagiliwa.

Nilimuuliza kwa nini, ilhali wateja wamezidi. Alinijibu, "Hao hawaji kula, mwanangu."

Mwaka mmoja baadaye, Julai 1977, Marsela alikuwa Ikola, akianika dagaa mchangani pamoja na wanawake wa ziwani, ambao alikuwa amewaambia kwamba anaitwa Nyanzala.