Mjusi Asiye na Mkia Tumboni kwa Bibi

Admin, nifiche kabisa, maana huku Nachingwea tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka 49, mama wa watoto wanne, nanunua ufuta vijijini na kuuza. Mdomo wangu mkali na mkono wangu mwepesi, hilo sikatai. Mwaka jana kwenye arobaini ya msiba mmoja wa kwetu nilimpiga binamu yangu, mjukuu wa mke mwingine wa babu, kwa mwiko wa pilau hadi akatoka damu, mbele ya masheikh. Ngojeni kwanza, msinihukumu.

Alimwambia mama yangu, mzee wa watu anayetembelea fimbo, "Nyamaza wewe, mtoto wa mwanamke wa kuokotwa. Mjomba wako nani?" Jamani, sisi Wamwera ukoo tunaufuata kwa mama. Mjomba ndiye anayekusimamia unyagoni, ndiye anayekuozesha, ndiye anayekusemea ukionewa. Usipokuwa naye, kila mwenye mdomo anakutemea. Usiku ule mama alinishika mkono akasema, "Mwanangu, sitaki kufa hivi. Nitafutie wajomba zangu, hata kama wamebaki makaburi."

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na uso ulioungua, shavu hadi shavu. Babu alituambia alimwagikiwa na uji wa moto. Bibi mwenyewe ukimuuliza kwao ni wapi alijibu, "Sina kwetu," kisha anaondoka. Babu alikuja enzi za wazungu wa karanga, Waingereza waliofyeka misitu yetu walime karanga, akiwa kibarua wa kung'oa visiki, akabaki hapahapa. Tulimpenda babu jamani! Mwanangu wa kwanza nimempa jina lake.

Basi mama akanitobolea siri ambayo mwosha maiti hatakiwi kuitoa. Alipomwosha bibi aliona chale tumboni, mjusi asiye na mkia. Akanichorea kwa kidole kwenye unga wa muhogo. Nami kila nilipokwenda kununua ufuta nikawa nawauliza vikongwe, kuanzia Mnero hadi Ruangwa. Wengi walinicheka tu, "We mama, mjusi gani huyo hana mkia?"

Kijijini Matambarale nikampata bibi mmoja mkavu, mkali kuliko mimi, ugoro mdomoni. Nikamchorea mjusi wangu mavumbini. Akamtazama weee. Akatema ugoro, akafunua shuka. Tumboni mwake palikuwa na mjusi yuleyule, hana mkia.

"Tulichanjwa siku moja, mimi na dada yangu," akasema kwa Kimwera. "Tulilia sana. Kaka yetu akamshika fundi mkono, akamwambia basi, usiwamalize. Kwa hiyo mijusi yetu ikabaki hivi."

Nikakaa chini, palepale mavumbini. Akanisimulia.

Yeye na dada yake walikuwa porini wanachimba ming'oko, vile viazi pori, matrekta yanaunguruma ng'ambo, misitu inalazwa chini. Akatokea kibarua mwenye shoka. Akamkamata dada nywele. Dada akamng'ata, yule mwanamume akampiga bapa la shoka mgongoni, akambeba begani kama mzigo wa kuni. Mdogo mtu alipiga mayowe hadi sauti ikakauka, nani amsikie na matrekta yale?

Kaka yao akafuatilia hadi kambi ya vibarua, Nachingwea. Hakwenda kupigana. Alikwenda na mwenzake mmoja kuzungumza, mambo yaishe kiungwana kwa mahari. Alipobisha hodi na kusema, "Mimi ni kaka mtu," shoka lilimshukia shingoni, palepale mlangoni, dada yake anaangalia. Mwenzake aliyeona yote alikimbia hadi Matambarale na damu ya mtu mwingine kifuani. Maiti ilifukiwa kwenye shimo la kisiki. Hakuna aliyeuliza. Kambini ilihesabiwa ni kibarua tu kafa, basi.

Miaka ikapita, karanga zikashindikana, wazungu wakafungasha. Mdogo mtu, sasa mwanamke mzima, akaja soko la Nachingwea na kumwona dada yake, mtoto mgongoni. Chale za usoni, zile za kwao za kumtambulisha mtu, hazipo, uso umebanikwa. Akamwita kwa jina lake. Dada akajibu kwa sauti, watu wasikie, "Sikujui mimi." Kisha akapita karibu, akanong'ona, "Alinichoma kwa jembe la moto msije mkanitambua. Ondoka, mdogo wangu. Atakuua kama alivyomuua kaka."

Mtoto yule wa mgongoni ni mama yangu. Na mwenye shoka ni babu yangu, yuleyule aliyenibeba mabegani kunipeleka kula miwa.

Nilirudi Nachingwea nikiwa kichaa. Sikufika hata nyumbani, nilipitiliza makaburini. Bibi kalazwa ubavuni kwa babu, hebu fikirieni, hadi kaburini hajamkimbia! Niling'oa ubao wa kaburi la babu, nikaupigiza kwenye jiwe hadi ukawa vipande, nikalipiga lile kaburi mateke huku nikilia na kumtukana matusi ambayo hapa admin hatapitisha.

Kesho yake mama akaletewa habari. Alilia kama amefiwa upya. "Nani kamfanyia baba yangu hivi? Baba yangu hakuwahi kumgusa mtu!" Nikampangusa machozi kwa mikono hiihii yenye vibanzi vya ule ubao.

Sasa bibi wa Matambarale ananitumia salamu, anataka kuletwa Ijumaa hii. Anasema hafi kabla hajamshika mtoto wa dada yake, na hatakuja kunyamaza, kanyamaza vya kutosha. Nikimzuia, mama anakufa akiitwa wa kuokotwa. Nikimwachia, mama anampata mjomba na kumpoteza baba saa hiyohiyo.

Naandika haya, mama yuko sebuleni na msahafu, anamsomea babu Yasini. Akimaliza ataniita, kama kila siku, "Mwanangu, umempata mjomba wangu?"

Ndugu zangu, nimempata. Nishaurini, nimjibu nini?