Shemeji Yangu Administrateur

Dada yangu Philomène aliolewa na mwanaume mwenye cheo, na cheo hicho kilikaribia kumuua. Nasema hivyo hivyo, na Zéphirin akisikia, akasirike tu.

Zéphirin ndiye shemeji yangu. Hapa Likasi anafanya kazi katika biro, ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda kimoja cha shaba. Miaka mingi alikuwa mutu wa kawaida: anapiga mihuri, anakunywa chai, anarudi nyumbani. Kisha wakaleta programu ya kompyuta ya kutunza habari za wafanyakazi: nani ana bibi, nani ana watoto, nani atapokelewa ku hospitali ya kiwanda. Jimmy, kijana aliyetoka Lubumbashi kuwafundisha, aliwaeleza polepole. Mutu mumoja anaomba jina liongezwe, mwingine analisoma na kulikubali. Aliyeomba hawezi kujikubalia mwenyewe. Na anayechagua wale wa kukubali anaitwa administrateur. Mukubwa wa kiwanda akamupa Zéphirin kazi hiyo, sijui alikuwa anawaza nini.

Eeh, mungeona! Jioni ileile tulinyunyizia cheo na bia, kama inavyofanyika kwetu. Kesho yake akataka hata bibi yake amuite Papa Administrateur. Kule Kambove kuna administrateur wa kweli, mutawala wa eneo zima, mwenye bendera na askari. Wa kwetu alikuwa na kompyuta moja inayozimika umeme ukikatika, lakini kwa kutembea kifua mbele alimushinda yule.

Wenye kukubali walikuwa watatu: yeye, Barnabé na Henriette. Barnabé akafutwa kwenye orodha kwa sababu alimuita Zéphirin kwa jina mbele ya wageni. Henriette, mama mupole wa biro ya pembeni, akafutwa juu alikubali ombi moja wakati Zéphirin alikuwa chooni.

"Chef anaachaka bantu bamalize kazi yake?" Zéphirin aliniuliza siku moja, mudomo umejaa bukari, ugali wetu.

Akabaki peke yake. Maombi yakarundikana, na namba nyekundu ya yale yanayongoja ilipopanda, alifurahi: "Albertine, ona vile bantu banataka minye mwenyewe!" Hakuyasoma. Mutu alipaswa kwanza kupita kumusalimia, na salamu ya mikono mitupu haikufika mbali.

Basi, mwezi huu Philomène akashikwa na tumbo. Dada yangu analia, anajikunja, jasho linamutoka. Hospitalini munganga akasema apasuliwe leo leo, appendice, kile kidole tumbo, iko karibu kupasuka. Muuguzi akatazama kompyuta: Philomène hayumo. Bibi ya administrateur hakuandikwa! Bwana wake alikuwa akisema kesho, kesho, juu nani angemukatalia yeye? Na bila jina, chumba cha kupasulia hakifunguki. Nikamuacha dada yangu kwenye benchi, nikakimbia mpaka kiwandani na hasira ya kuuma mutu.

Zéphirin akaandika jina mbio, akatuma ombi, akabonyeza "Kubali". Kompyuta ikakataa. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama vile ni mulango uliokwama. Mwishowe akamupigia Jimmy.

"Papa, mwenye kuomba hawezi kukubali. Mwengine njo akubali."

"Hakuna mwengine. Ni minye tu."

Jimmy akacheka, mujinga yule. "Basi rudisha mwengine, Papa. Weye njo administrateur."

Barnabé alikuwa likizoni, kwa hiyo akabaki Henriette. Shemeji yangu akarudisha jina lake, akaenda kumuomba, sauti imekuwa ndogo. Nilifikiri mama huyo atamulipizia. Kumbe! Alikuja, akaketi kwenye kompyuta, akasoma jina la dada yangu, akabonyeza.

"Mama Philomène hana kosa," akasema.

Nikapiga simu hospitalini: wamekwisha kumuingiza. Nikalia palepale mbele yao, bila haya.

"Asante, Mama," Zéphirin akasema, tayari amenyoosha mukono azime kompyuta. "Inatosha."

"Haitoshe. Ikala, Papa." Akamuvutia kiti.

Henriette akaanza kuwasoma wengine kwa sauti. Mutoto wa Dodo, kubali. Mapacha wa Tina, kubali. Bibi ya Elie, kubali. Kisha akaondoa kidole kwenye kitufe.

"Mbombo, bibi ya Athanase," akasema. "Huyu tulimuzika mwezi ile ilipita."

Hata minye nilikumbuka. Zéphirin alisema maneno kwenye matanga yale, eti kiwanda ni familia moja.

"Nikubali ao nikatae?" Henriette akauliza. "Athanase iko pale inje, analinda mulango ya kiwanda. Anawaza ku hospitali njo balikatala kumupokea bibi yake. Ombi yake ililalaka humu mu machine. Lazima aambiwe leo."

Zéphirin akavua miwani, akaipanguza, akaivaa tena. Kisha akanigeukia, yeye ambaye hakuwahi kumuachia mutu kazi hata moja.

"Albertine, weye njo unajua kusema na bantu. Kwenda umuambie."

Nikakataa, na nikamufungulia mulango.