Lita Sifuri

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa mtu katili, na sisi tulimpenda kwa sababu hiyo. Nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vyuma, kando ya Jogoo Road, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, kompyuta moja, kitabu kimoja cha lugha ya C kilichofungiwa kabatini, na mwalimu aliyeamini kwamba mtu haelewi kitu mpaka achekwe. Ukikosea, alisoma kosa lako kwa sauti, akangoja wenzako wacheke. Wasipocheka vya kutosha, alilisoma tena.

Hatukuruhusiwa kuigusa kompyuta. Tuliandika programu kwa kalamu kwenye daftari, na mchapaji wa chuo akaziingiza kwenye mashine herufi kwa herufi, hata kama umeandika upuzi. Kazi yake ilikuwa kuchapa, si kufikiri. Mwalimu alimwambia hivyo mbele yetu sote, na tukacheka.

Lakini kabla daftari halijafika kwa mchapaji, lilipitia kwa mwenzako. Tuligawanywa wawili wawili. Mwenzako alilisoma daftari lako mstari kwa mstari, na akiona kosa analirudisha kwako. Ukirudishiwa, unakatwa alama kumi. Asipoona kosa, anatia saini, na daftari linakwenda. Kosa likifichuliwa na mashine baada ya saini, unakatwa arobaini, na aliyetia saini hafanywi kitu. Kumwandikia mwenzako katika daftari lake kulikatazwa kabisa. Mtu mmoja aliwahi kuuliza mbona mwenye saini haadhibiwi. Mwalimu akamjibu, "Ili mjue mapema kwamba duniani hakuna ndugu."

Mwenzangu mimi alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Machakos, mwenye watoto watatu. Alikuwa amechapa taipu miaka tisa katika ofisi moja ya mjini, mpaka ofisi iliponunua kompyuta na kumwambia aende nyumbani. Wengine walioachishwa pamoja naye walilia. Yeye alisema lazima aifuate hiyo kompyuta ajue imemshinda kwa nini. Mumewe alikuwa mchonga vinyago, akifanyia kazi uani kwao Makongeni, na mama huyu ndiye aliyepiga msasa twiga na vifaru wake kabla ya kuja darasani. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka, hata kushika kalamu kulimuuma.

Kalamu yenyewe ilikuwa ya wino wa kijani. Aliondoka nayo ofisini siku ya kufukuzwa. "Ndicho kiinua mgongo changu," alikuwa akisema. Kwa kuwa wakaguzi wa hesabu ndio waliotumia wino wa kijani, darasa zima lilimwita Mkaguzi.

"Sasa, Mkaguzi! Maze, leo unakagua nani?" vijana walimtania kwa lugha yao ya mtaani.

"Nakukagua wewe. Ficha makosa yako."

Hakukasirika hata siku moja. Hilo lilinikera. Mtu anayetaniwa kila asubuhi na asikasirike ana kitu anachojua, na mimi sikupenda watu wanaojua vitu.

Na alijua kweli. Jambo lililotusumbua sana katika C lilikuwa kuchapisha namba. Lazima uiambie mashine kwa herufi namba unayoitoa ni ya aina gani: %d kwa namba nzima, %f kwa namba yenye desimali, %ld kwa namba nzima iliyo kubwa, kwa sababu kwenye mashine yetu ile namba nzima ya kawaida iliishia elfu thelathini na mbili na ushei. Na ubaya wa C ni kwamba haibishani nawe. Ukiidanganya inakubali, inanyamaza, halafu inakuchapia takataka mbele za watu. Sikuwahi kuelewa mpaka mama yule aliponieleza tukiwa tumekaa kwenye ngazi za chuo.

"D ni sinia, F ni sufuria," aliniambia. "Mchuzi ukiumimina kwenye sinia, utalamba mkono mtupu. Na LD ni sufuria ya matanga. Chakula cha watu wengi usikipakue kwenye kisahani, ndugu yangu, utaaibika."

Nilicheka, nikaelewa. Alinieleza bure, kwa saa nzima, siku ambayo mtoto wake alikuwa mgonjwa nyumbani.

Muhula ulipokaribia kwisha, mwalimu akatangaza kwamba ofisi moja ya takwimu mjini inataka mtu. Mtu mmoja tu. Atakayeongoza mtihani wa mwisho ndiye atakayekwenda, wengine washukuru kwa cheti. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikilala sakafuni nyuma ya pazia katika chumba kimoja cha kaka yangu kule Bahati. Shemeji alikuwa amekwisha kuniuliza mara tatu nitahama lini, na mara ya tatu hakutabasamu. Kwa alama tulizokuwa nazo, kazi ilikuwa yangu au ya Mkaguzi. Wale kumi waliobaki walikuwa wasindikizaji.

Mtihani ulikuwa huu: nyumba mia moja na ishirini za mtaa mmoja, na lita za maji ambazo kila nyumba imetumia kwa wiki. Andika programu itakayochapisha jumla ya lita, na wastani kwa kila nyumba. Tuliandika kwa muda wa saa mbili, kisha tukabadilishana madaftari.

Kazi yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Fupi, safi, haina mzunguko usiohitajika. Jumla alikuwa ameitoa kwa %ld, kama ipasavyo. Nikafika kwenye mstari wa mwisho, wa wastani. Wastani una desimali, na hapo alikuwa ameandika %d.

Nikausoma tena. Ilikuwa %d. Mwalimu wangu wa sinia na sufuria alikuwa amemimina mchuzi kwenye sinia.

Haikuwa kutojua. Ulikuwa uchovu tu, mkono kuandika ulichozoea. Ningeweza kumrudishia, akakatwa kumi. Ningeweza kufuta herufi moja na kuandika nyingine, na hakuna ambaye angejua, kwa sababu mwalimu alikuwa dirishani akivuta sigara. Nilimtazama. Alikuwa bado anasoma daftari langu, kidole juu ya mstari, midomo ikicheza kama mtu anayesali. Aliinama, akaandika, akalifunga.

Nami nikatia saini. Mkono haukutetemeka. Nimesikia watu wakisimulia mambo yao maovu wakisema mkono ulitetemeka. Wangu haukutetemeka, na saini ilitoka vizuri sana.

Kesho yake mwalimu aliingia na karatasi za printa. Akaanza na yangu: jumla, lita elfu arobaini na moja na mia tatu, wastani, lita mia tatu arobaini na nne na desimali zake. Akasema, "Sawa," na kutoka kwake neno hilo lilikuwa karamu. Kisha akachukua ya Mkaguzi, akaitazama, na nikaona furaha ikimpanda usoni polepole.

"Jumla, lita elfu arobaini na moja na mia tatu," alisoma. "Wastani kwa kila nyumba, lita..." Akanyamaza ili tujiandae. "Sifuri."

Darasa likalipuka.

"Ngojeni, ngojeni. Mtaa mzima umetumia lita elfu arobaini na moja, lakini kila nyumba imetumia sifuri. Sasa, Mkaguzi, tukague pamoja. Hayo maji yamenywewa na nani? Yamenywewa na wale vifaru wa mumeo?"

Aliisoma mara ya pili, na mara ya tatu. Mtu mmoja nyuma alipiga meza. Mimi nilicheka kuliko wote. Si kwamba nilijilazimisha. Nilifurahi, furaha ya kweli ya tumboni, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukiona chumba changu mwenyewe na kitanda changu mwenyewe.

"Na aliyetia saini hapa ni nani?" mwalimu akauliza.

Nikasimama. Alinitazama kitambo, halafu akatabasamu. Hakuwa amewahi kunitabasamia. "Wewe," alisema, "utafika mbali."

Mama yule aliomba kuiona karatasi yake. Akaiona, akaligusa paji la uso kwa vidole vyake vile vilivyochubuka. "Niliandika D," alisema. "Ni mimi mwenyewe." Tulipokuwa tukishuka ngazi alinipa mkono. "Hongera, ndugu yangu. Ukaishike hiyo kazi vizuri." Nikamwambia asante, mama. Tulipofika chini yeye alishika njia ya Makongeni, mimi nikaenda kumtafuta kaka yangu nimpe habari.

Kazi nikaipata, na chumba nikakipata Umoja. Mwezi wangu wa sita hivi kazini, mkubwa wangu aliniagiza programu ya kujumlisha vitabu vilivyopelekwa katika shule za wilaya kadhaa. Nikaiandika haraka, kwa majivuno. Jumla ikatoka hasi, elfu ishirini na kitu chini ya sifuri. Mkubwa aliirusha karatasi mezani kwangu mbele ya wenzangu. "Kwa hivyo shule zimeturudishia vitabu ambavyo hatukuwapa?" Walicheka wote. Nikagundua kwamba kuchekwa kunauma kifuani, kama mwiba wa samaki uliokwama.

Nilijua kwamba jumla kubwa nilishawahi kuichapisha sawasawa katika mtihani ule. Basi jioni nikalitafuta daftari, ambalo sikuwa nimelifungua tangu nirudishiwe, nione nilifanyaje.

Mstari ulikuwapo, mwandiko wangu, wino wangu mweusi. Nilikuwa nimeandika %d. Katikati ya alama ya % na D, palipobaki nafasi finyu, mtu alikuwa amepenyeza herufi L, nyembamba na nyoofu. Ilikuwa ya wino wa kijani.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Bila herufi ile, mashine ingechapa jumla ya hasi elfu ishirini na nne, mia mbili thelathini na sita. Mwalimu angeuliza ni mtaa gani huo ambao watu wanayarudisha maji bombani. Mama yule alijua kazi ni moja. Alijua ni yeye au mimi. Nilikaa kitandani, kile kitanda changu mwenyewe, nikajiona mchafu.

Jumamosi nikanunua sukari na majani ya chai, nikalibeba daftari kwapani, nikaenda Makongeni. Njia nzima nilikuwa nikiyafanyia mazoezi maneno ya kusema. Yalikuwa machache: niliona, nikanyamaza, nisamehe.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda na twiga mapajani, anapiga msasa. Mumewe alikuwa kando yake na tezo, akitoa kifaru kutoka kwenye gogo. Mama aliruka kwa furaha.

"Karibu, karibu! Baba Watoto, si ndiye huyu mwenzangu wa darasa niliyekuwa nikikwambia? Ndugu yangu, umenenepa! Kazi imekukubali."

Mumewe aliniitikia kwa kichwa tu. Hakunipa mkono. Chai ikaja, nikapewa kigoda, nikaliweka daftari juu ya magoti. Aliniuliza habari za ofisi, wana kompyuta ngapi, kama huko mtu anaruhusiwa kuigusa mwenyewe. Nilipomwambia naigusa kutwa, alicheka kama msichana, akaacha kupiga msasa.

"Sasa kwa kuwa umekuja," alisema, "hebu maliza ubishi ulioko humu nyumbani. Ile D yangu ya siku ile hukuiona, si ndiyo? Huyu anasema uliiona. Miezi yote hii ananiambia kikulacho ki nguoni mwako. Mimi namkatalia."

Tezo likanyamaza. Daftari lilikuwa pale magotini. Ilikuwa ni kulifungua tu.

"Sikuiona, mama," nikasema. "Macho yalikuwa yamechoka."

"Umesikia?" akamgeukia mumewe, uso umemng'aa. "Nilikwambia! Hata mimi mwenyewe niliyeiandika sikuiona, nitamlaumu mtoto wa watu?"

Mumewe alipuliza vumbi kwenye kifaru. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Na karatasi yako wewe ilitoka sawa," alisema.

"Ilitoka sawa, mzee."

"Nani aliisoma?"

Kabla sijafungua mdomo, mke wake alijibu kwa fahari, huku akimrudia twiga wake na kipande cha msasa. "Niliisoma mimi. Na ilikuwa safi, Baba Watoto. Haikuwa na kosa hata moja."

Nikamaliza chai. Nikaaga, nikaondoka na daftari langu.