Kibuyu cha Mama Kwenye Filamu

Boma letu kule Nuu lilichaguliwa kuwa nyumbani kwa mchawi katika filamu. Watengenezaji filamu kutoka Nairobi walimwambia mama wazi kwamba walipenda paa lililoinama, mafiga yake, na upepo unavyopiga mabua makavu ya mahindi. Mama alikubali kwa sharti moja: wakimaliza wafagie. Walifagia. Waliazima hata kibuyu chake cha maziwa, wakakijaza sharubati nyekundu iwe damu, wakakirudisha kimeoshwa.

Filamu ilipoonyeshwa kwenye runinga niliitazama Emali, ninakoishi. Napenda filamu hizi za kutisha na sitamwomba mtu msamaha. Zile za kigeni, za mizimu kwenye majumba ya nchi za theluji, haziniingii. Shamba likikataa kuzaa na kijiji kikaanza kutafuta wa kulaumiwa, hapo naketi wima, kwa sababu nimeona mvua ikikosa misimu miwili na watu wazima wakiulizana nani amevuna wakati wengine wamekosa. Majirani hunitisha kuliko mchawi.

Wiki iliyofuata mama alinipigia simu. Ushirika wa akina mama wa kanisani hukutana kila Alhamisi, nyumba kwa nyumba, na zamu yake ilikuwa imerukwa. Mwenyekiti alisema walidhani amechoka. Mama amekuwa katika ushirika huo tangu nikiwa mgongoni. Akiugua, hao ndio wa kumwogesha. Nilimshauri aende kwa mchungaji akaeleze habari ya filamu.

"Nieleze nini?" akasema. "Kwamba nyumba yangu ni nyumba?"

Aliwatumia wote ujumbe kwamba Alhamisi ni kwake, akaniagiza nije na filamu kwenye kompyuta.

Kati ya kumi na wawili walikuja saba, mwenyekiti akiwemo. Waliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha tukatazama. Mchawi alipoanza kusonga ugali, mmoja akashindwa kuvumilia.

"Huyu hata mwiko hajui kushika. Ataroga nani?"

Wakacheka, wakaanza kumsuta: kitambaa kimefungwa vibaya, kuni mbichi. Kisha wanakijiji wa filamu wakakusanyika na mienge mbele ya mlango, na kicheko kikakatika. Mlango ulikuwa huu huu. Umati ulikuwa nje, na sisi tulikuwa tumeketi ndani.

Filamu ilipokwisha mama aliinuka, akaleta kibuyu, akakitikisa, akamimina maziwa ya mgando kwenye vikombe. Mwenyekiti alikitazama.

"Mama, si hiki ndicho cha damu?"

"Ndicho. Na ndicho umekinywea miaka yote."

Akamkabidhi kikombe cha kwanza. Wengine sita walishika vyao bila kunywa, macho kwa mwenyekiti. Alikaa nacho kiasi cha kuimba ubeti mmoja. Kisha akanywa, akajipangusa mdomo.

"Hayajaganda vizuri," akasema.

"Basi zamu yako utuletee yaliyoganda," mama akamjibu, akimwongezea.

Wale watano hawajakanyaga kwetu mpaka leo, na mama hajawafuata. Mwezi uliopita watengenezaji filamu walirudi kuomba boma tena. Mama alikubali, safari hii kwa sharti kwamba mchawi awe yeye mwenyewe, kwa kuwa yule msichana wao hajui kusonga ugali. Nusu ya ushirika imeshaomba kuwa kwenye ule umati wa mlangoni.